Matofali Mawili

Mwezi wa saba Bogna alianza kulala ameketi,
mgongo ukutani jikoni, miguu kwenye kigoda,
kiganja kifuani kama mtu anayekula kiapo,
nami mlangoni na glasi ya maziwa
ambayo hakuiomba.

"Si maumivu," alisema. "Ni kama nimemeza kibiriti,
na kuna mtu humu ndani anakiwasha,
njiti moja moja, bila haraka."

Usiku wa deni haukawii kucha, husemwa.
Waliosema hawakukesha na kiungulia.
Saa tisa ilibaki saa tisa
mpaka barafu ikachora majani dirishani.

Zamani aliendesha basi la umeme hapa Lublin,
lile la pembe mbili ndefu zinazonyonya waya wa juu.
Tumbo lilipogusa usukani wakampa dawati na ratiba,
na droo, na ndani ya droo
biskuti kavu, ndizi, na vidonge vyeupe vya kutafuna
vyenye ladha ya chaki na mnanaa.

Mama yangu alishuka kwenye treni ya Chełm
amekumbatia mtungi wa matango ya siki.
"Kifua kinachoma? Basi mtoto ana nywele!
Huyu Zenon alinichoma miezi minne,
akatoka na kichwa kama brashi ya viatu."
Akakoroga magadi kwenye maji ya vuguvugu.
Bogna alinitazama.
Mama alipogeuka, nikayamwaga kwenye sinki.
Matango, naungama, niliyala mimi,
gizani, kama mwizi.

Mkunga Halszka hakucheka, wala hakutisha.
"Mimba hulegeza kila bawaba," alisema,
"hata ya mlango wa tumbo. Mtoto anasukuma kutoka chini,
uchachu unapanda. Kula kidogo, kula mara nyingi.
Ukishakula, kaa wima. Saa tatu zipite kabla ya kitanda.
Ubavu wa kushoto. Magadi hapana, vidonge hivi ndiyo.
Na kichwa cha kitanda kiinuliwe."
Kisha akaiweka kalamu chini.
"Lakini ukiumwa hapa, chini ya mbavu za kulia,
kichwa kikigonga, macho yakiona cheche,
usikiite kiungulia. Nipigie.
Hata usiku wa manane, nipigie."

Mimi ni mwashi. La kitanda nililielewa.
Nilileta matofali mawili kutoka kazini,
nikayavika soksi kuukuu yasikwaruze sakafu.
Bogna akalala. Mimi nikateleza.
Alfajiri nilijikuta na magoti nje,
shuka lote limenifuata.

Januari, usiku wa baridi ya kupasua mawe,
alinishika mkono. "Zenon. Naona cheche."
Sikuuliza za rangi gani. Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni,
simu sikioni, na Halszka anauliza, taratibu,
"Kichwa kinauma? Mbavu?"
nami namuuliza Bogna, na Bogna anasema hapana, hapana,
"zile pale," na kidole chake
kinaonyesha dirisha.

Basi la kwanza la alfajiri lilikuwa linapanda kilima,
pembe zake zikikwangua barafu kwenye waya,
na kila hatua mwanga wa buluu
ukaruka juu ya paa za watu waliolala.

"Njoni hata hivyo," alisema Halszka.
Tukaenda. Akampima presha mara mbili. Nzuri.
Akatupa chai isiyo kali, akampa Bogna mkate mkavu,
mimi akaniambia nivae kiatu cha pili.

Sasa ni Aprili. Nywele?
Nne. Nimezihesabu.
Mama anasema nyingine ziko njiani, zimechelewa treni.

Jana niliyatoa matofali, nikalaza kitanda sawa.
Tukagaagaa sote wawili, macho kwenye dari,
kama watu walioshuka melini.
"Rudisha moja," Bogna alisema.
Kitanda hakikai kwa tofali moja.
Nikarudisha yote.